Mahindi ya GMO: yanapimwaje kabla ya kufika sufuriani na kwenye hori?

Nauza chakula cha mifugo hapa Nakuru, upande wa barabara ya Njoro, na kabla ya kufungua duka nilikuwa fundi wa maabara ya nafaka. Kwa hiyo swali la GMO hunijia kwa milango miwili. Mama aliyekuja kununua chakula cha vifaranga huuliza kama "ile kitu" imo ndani ya gunia, na jioni ndugu zangu wa Kakamega hupiga simu kwa sababu wamesikia jambo redioni. Nimechoka kujibu vipande vipande. Nimekusanya hapa maswali yanayorudi kila mara, pamoja na majibu ninayoweza kuyasimamia. Magazeti huviita vyakula vya kisaki; sokoni kila mtu husema GMO, nami nafuata soko.

GMO ni nini hasa? Si ni hizi mbegu za dukani?

Hizi za dukani ni haibridi. Mbegu kama 614 ya Kitale hupatikana kwa kuchavusha mahindi na mahindi mengine: baba wa huku, mama wa kule, na shamba la mbegu lililotengwa mbali ili chavua ya jirani isiingie. Hakuna kilichotoka nje ya ukoo wa mahindi. Hata Ua Kayongo, ile mbegu iliyoletwa Nyanza na Magharibi ikiwa imepakwa dawa ya kuua gugu la kayongo, si GMO, ingawa nimesikia ikitukanwa hivyo mara nyingi. Uwezo wake wa kuvumilia dawa ulitokana na badiliko lililopatikana ndani ya mahindi yenyewe, likachaguliwa na kuzalishwa.

Mahindi ya GMO ni yale ambayo jeni imepandikizwa maabarani, kwa kawaida kutoka kiumbe kingine kabisa. Yaliyozungumziwa zaidi Kenya ni MON810. Yamebeba jeni ya bakteria wa udongoni aitwaye Bacillus thuringiensis, Bt kwa kifupi, na jeni hiyo huufanya mmea utengeneze protini ya Cry1Ab inayoua funza wanaotoboa mashina. KALRO, taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo, na AATF, shirika la teknolojia ya kilimo Afrika, wameyajaribu kwa miaka katika mashamba yaliyozungushiwa ua, Kiboko na Kitale.

Na mahindi ya manjano?

Hiyo ni rangi tu, inayotokana na karotenoidi, jamii ileile inayoipa karoti rangi yake. Wazee waliokula mahindi ya manjano wakati wa njaa ya 1984 bado huyasema vibaya, lakini mwaka huo hakukuwa na mahindi ya GMO katika soko lolote duniani. Wakulima wa Marekani walianza kuyapanda kwa biashara 1996. Ya manjano yanaweza kuwa GMO au yasiwe, na meupe vivyo hivyo. Wateja wangu wa kuku wa mayai huyapenda ya manjano kwa sababu kiini cha yai hukolea.

Nijibu moja kwa moja: GMO ni salama au si salama?

Siwezi, na anayekujibu hivyo kwa neno moja usimwamini haraka, awe wa upande huu au ule. Ni kama kuniuliza kama uyoga unalika. Upi? Kule kwetu obwoba huliwa kwa sherehe, na kuna uyoga mwingine unaofanana nao unaomaliza watu.

Wapimaji hawapimi "GMO". Wanapima kile wanachokiita tukio: jeni fulani, iliyoingia mahali fulani katika vinasaba vya mmea, mara moja. MON810 ni tukio moja na Bt11 ni jingine, hata kama yote mawili hutengeneza Cry1Ab. Kibali cha moja hakilibebi jingine. Ukiniuliza kuhusu MON810 kama chakula, nitakuambia kwamba ushahidi ninaoufahamu unaonyesha si hatari kuliko mahindi ya kawaida yaliyoyazaa. Ukiniuliza kuhusu tukio litakalotengenezwa mwaka kesho, nitakuambia tusubiri tuone faili lake.

Faili hilo lina nini? Wanapima vipi?

Msingi wake ni miongozo ya Codex, tume ya pamoja ya FAO na WHO, iliyopitishwa 2003. Wazo lake kubwa ni kulinganisha. Hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba mahindi ya kawaida ni salama kwa asilimia mia. Tumeyala tu kwa vizazi na tukajua tabia zake. Basi mahindi mapya huwekwa kando ya ndugu yake, mahindi yanayofanana nayo kwa kila hali isipokuwa ile jeni, na swali huwa: kuna nini kilichozidi, kilichopungua au kilichogeuka?

Kazi huanza kwenye vinasaba. Jeni imeingia wapi? Nakala ngapi? Imekata jeni nyingine? MON810 yenyewe ni mfano mzuri, maana jeni iliyoingia haikufika nzima: kipande cha mwisho kilikatika, na protini inayotoka ni fupi kuliko ile iliyochorwa kwenye mpango. Haikuwa na madhara, lakini ingekuwa kichekesho kuidhinisha kitu bila kujua kwamba hakikutoka kama ulivyokusudia. Ndiyo sababu wanapima kilichopatikana shambani, si kilichoandikwa kwenye karatasi ya maombi.

Halafu virutubisho. Mahindi hayo mawili hupandwa pamoja katika sehemu kadhaa zenye hali tofauti, yakavunwa na kusagwa, kisha kupimwa protini, mafuta, nyuzi, jivu, asidi amino moja moja, asidi za mafuta, madini na vitamini. Hupimwa pia vitu vinavyopunguza lishe, kama faitati, ambayo hushikilia madini ya chuma yasiingie mwilini. Tofauti ikionekana, hulinganishwa na upana wa mbegu nyingine za kawaida zilizoko sokoni. Hapa ndipo watu wengi huteleza. Mahindi ya Molo na ya Bondo hayana protini sawa, na hakuna anayeandamana kwa hilo. Tofauti ndogo yenyewe si ugonjwa. Swali ni kama imetoka nje ya kile ambacho mahindi huwa nacho.

Baadaye protini mpya hujaribiwa peke yake: inafanana na sumu inayojulikana? Inafanana na kitu kinachowapa watu mzio? Panya wakilishwa kwa wingi inakuwaje? Mwisho, mara nyingi, mahindi mazima hulishwa panya kwa siku 90, na kuku wa nyama kwa siku 42. Kuku wa nyama ni kipimo kikali kuliko watu wanavyodhani. Anakua kwa kasi ya ajabu na chakula chake zaidi ya nusu ni mahindi, kwa hiyo kasoro ndogo ya lishe huonekana upesi kwenye mzani. Mtu yeyote aliyefuga broila anajua hilo bila kuambiwa na profesa.

Protini inayoua kiwavi itakosaje kuniua mimi?

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa sababu jibu lake liko jikoni.

Tumbo la kiwavi ni la magadi. Fikiria maji ya munyu tunayopikia mrenda: hali yake ni ile. Protini ya Cry ikifika humo hulainika, ikakatwa, ikashika vipokezi maalumu kwenye ukuta wa utumbo wa kiwavi na kutoboa matundu. Kiwavi huacha kula na kufa. Tumbo la mtu ni kinyume chake, ni la asidi kali, kali kuliko ndimu. Protini hiyo huvunjwavunjwa humo kama protini nyingine, na ukuta wa utumbo wetu hauna vile vipokezi. Hata wadudu wengi hawana. Nyuki hana neno nayo.

Sasa kipimo. Panya walipewa Cry1Ab safi hadi miligramu 4,000 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, kwa mara moja, na hawakudhurika. Punje za MON810 zina takribani mikrogramu 0.3 za protini hiyo kwa kila gramu. Piga hesabu kwa mtu wa kilo 60: ili afikie kiwango cha yule panya angehitaji kula tani 800 za mahindi kwa mkao mmoja. Ni magunia zaidi ya 8,800 ya kilo 90.

Hesabu hiyo huwafurahisha watu, lakini isikuleweshe. Inasema habari za sumu ya papo hapo tu. Haisemi chochote kuhusu mzio, ndiyo maana mzio hupimwa kivyake. Na kuna hoja ya haki ambayo wakosoaji huileta: jaribio la kuyeyusha protini hufanywa kwa asidi kali ya tumbo zima lenye afya, wakati mtoto mchanga, au mtu anayemeza dawa za vidonda vya tumbo, hana ukali huo. Hapo jibu halitoki kwenye jaribio moja. Hutoka kwa kuyaweka pamoja: haifanani na vizio vinavyojulikana, ni kidogo mno kwenye punje, na huvunjika. Kimoja kikilegea, vingine vishike.

Mzio unapimwaje, na nani huweza kusema atakayekuja kuwashwa?

Hakuna kipimo kimoja kinachotosha, na Codex yenyewe inakiri hivyo. Mfuatano wa asidi amino wa protini mpya hulinganishwa na orodha ya protini zinazojulikana kuleta mzio. Ikifanana kwa zaidi ya asilimia 35 katika kipande cha asidi amino 80, kengele inalia na uchunguzi unaenda mbali zaidi, hadi kwenye damu ya watu wenye mzio huo.

Kuna GMO iliyowahi kuanguka mtihani huu?

Ipo. Miaka ya 1990 kampuni moja ya mbegu Marekani ilitaka soya yenye lishe bora ya kuku, ikapandikiza jeni kutoka karanga za Brazil (Brazil nuts, si karanga hizi zetu). Damu ya watu wenye mzio wa karanga hizo ilipopimwa, iliitambua ile protini ndani ya soya. Matokeo yalichapishwa 1996 na soya hiyo haikufika sokoni. Angalia vizuri: ilikusudiwa kuwa chakula cha mifugo, lakini waliiacha kwa sababu walijua soya ya kuku na soya ya binadamu hukutana njiani.

Wengine hawakujifunza. Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha mahindi ya StarLink, yenye protini ya Cry9C, kwa mifugo peke yake, kwa sababu protini hiyo haikuvunjika upesi tumboni na suala la mzio lilibaki wazi. Mwaka 2000 yakakutwa ndani ya makasha ya chapati za mahindi madukani. Bidhaa zikarudishwa kwa mamilioni. Watu waliolalamika kuumwa walipimwa damu na haikuonekana dalili kwamba Cry9C ndiyo iliyowadhuru, lakini somo lilikuwa limeshatolewa.

Mimi husimulia kisa cha StarLink kila ninaposikia mtu akipendekeza "tulete ya mifugo tu, ya watu tuache". Njoo usimame duka langu siku ya mvua. Gunia la mahindi ya kuku likiteremshwa, kuna mama atauliza bei ya gorogoro. Mahindi ya mifugo yakishuka bei kuliko ya kinu cha posho, yatapikwa ugali. Kwa hiyo kwetu tukio lisilofaa kwa mtu halifai kwa kuku.

Kuku au ng'ombe akila GMO, nyama, mayai na maziwa yanakuwa GMO?

Hapana. Vinasaba viko katika kila tunachokula, kuanzia sukuma wiki hadi omena, na tumbo huvisaga. Vipande vidogo vya vinasaba vya mimea vimewahi kuonekana katika nyama ya kuku, lakini ni masalia. Havifanyi kazi wala havimgeuzi kuku kuwa mahindi. Wachunguzi waliolinganisha takwimu za mifugo ya Marekani kuanzia 1983 hadi 2011, yaani kabla na baada ya GMO kuingia kwenye hori, wakihesabu wanyama zaidi ya bilioni 100, hawakuona afya wala uzalishaji ukiharibika.

Kinachopita kutoka kwenye hori hadi kwenye kikombe cha chai ni kitu kingine, na nitakifikia.

Na wale panya wenye uvimbe mkubwa kwenye picha?

Hizo picha bado zinazunguka kwenye simu. Zilitoka Ufaransa Septemba 2012, katika utafiti wa Gilles-Éric Séralini na wenzake kuhusu mahindi ya NK603, ambayo si MON810. NK603 yameundwa kuvumilia dawa ya magugu. Panya walikuwa 200, wakagawanywa makundi ya kumikumi kwa kila jinsia, wakalishwa miaka miwili. Tatizo ni mbili. Aina ile ya panya huota uvimbe wenyewe wakizeeka, hata wakila chakula cha kawaida. Na kumi ni wachache: miongozo ya kimataifa ya kupima saratani hutaka angalau 50 kwa kila jinsia katika kila kundi. Ukirusha sarafu mara kumi ukapata kichwa mara saba, hujathibitisha kwamba sarafu imechongwa.

Jarida liliuondoa utafiti huo Novemba 2013, na 2014 ukachapishwa tena kwingine. Umoja wa Ulaya baadaye uligharamia majaribio mapya, likiwemo la miaka miwili kwa NK603 hiyo hiyo, na hayakuona madhara yale. Lakini Kenya ilikuwa imeshachukua hatua: Novemba 2012 Baraza la Mawaziri lilipiga marufuku uagizaji wa GMO, na marufuku hiyo ilidumu karibu miaka kumi. Mimi sioni aibu kwa serikali kushtuka. Naona aibu kwamba utafiti ulipoondolewa, hakuna aliyerudi kutueleza wananchi kilichotokea.

Wamarekani huwapa ng'ombe. Sisi tunakula ugali kila siku. Si tofauti?

Ni tofauti, na ni hoja nzito. Mpimaji makini hapaswi kutumia kiasi cha mahindi anachokula Mfaransa. Anapaswa kuangalia nyumba ya Bungoma: uji asubuhi, githeri au nyoyo mchana, ugali usiku, na mtoto wa miezi minane anayelishwa uji huo huo.

Nchi ya kutazama ni Afrika Kusini. Kule mahindi meupe ya GMO yaliruhusiwa kupandwa kwa chakula cha watu tangu 2001, na wanayala kama sisi, kwa jina la pap. Sehemu kubwa ya mahindi yao leo ni GMO. Hakuna ugonjwa uliothibitishwa kutokana na hayo. Hilo si sawa na jaribio la maabara, maana hakuna aliyewatenga walaji na wasiolaji akawafuatilia miaka ishirini, lakini si jambo la kupuuza pia.

Nani hupima hapa kwetu? Si ni kampuni inayojipima yenyewe?

Kenya ilitia sahihi Itifaki ya Cartagena Mei 2000, ikatunga Sheria ya Usalama wa Kibayolojia 2009, na sheria hiyo ikazaa Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia, ambayo wengi huijua kama NBA. Ombi likifika husambazwa kwa taasisi nyingine: afya ya umma, idara ya mifugo, KEBS (viwango), KEPHIS (afya ya mimea), NEMA (mazingira) na nyinginezo, kila mmoja na eneo lake. Umma nao hualikwa kutoa maoni, kwa tangazo ambalo, kusema kweli, wakulima wengi hawalioni.

Ndiyo, takwimu nyingi hutoka kwa mwombaji. Hata dawa za hospitali huidhinishwa hivyo. Kinachotulinda ni kwamba maabara hufuata kanuni zinazokaguliwa, takwimu ghafi hutolewa, na wataalamu wasiolipwa na mwombaji huzipekua. Ningetaka zaidi. Ningetaka ile sehemu ya virutubisho irudiwe katika maabara zetu, kwa mahindi yaliyokua kwenye udongo wetu, na matokeo yatolewe kwa Kiswahili cha kueleweka.

Dawa ya magugu je?

MON810 haihusiki na dawa ya magugu. Kwa mahindi yanayovumilia glaifoseti, swali la masalia ya dawa kwenye punje ni halali, na hupimwa kama masalia ya dawa yoyote. Mbona hatuulizi ukali huo huo kuhusu nyanya zilizopuliziwa jana na kuuzwa leo?

Nitajuaje kama unga wangu una GMO?

Kwa macho, ulimi au pua, huwezi. Anayekuambia mahindi ya GMO ni makubwa, au hayaoti, anakubahatisha.

Kwenye maabara niliyofanyia kazi tulitumia ukanda wa karatasi, unaofanana na kile kipimo cha mimba. Unasaga punje zikawa unga, unaongeza maji, unatikisa, unasubiri vumbi litulie, unachovya ukanda. Baada ya dakika chache mstari mmoja huonekana kuthibitisha kwamba ukanda ni mzima. Wa pili ukitokea, protini inayotafutwa imo. Ukanda mmoja hutambua protini yake tu, kwa hiyo wa Cry1Ab hautakuambia lolote kuhusu NK603. Ili kujua tukio lipi na asilimia ngapi, kuna kipimo cha kuzalisha nakala za vinasaba, PCR, ambacho ni ghali na cha polepole. Kukosea ni rahisi pale mwanzo kabisa, kwenye kuchota sampuli: ukichota juu ya gunia la kwanza tu, umepima gunia la kwanza, si lori.

Kanuni za Kenya za 2012 zinataka chakula chenye zaidi ya asilimia 1 ya GMO kiandikwe lebo. Anayevunja Sheria ya Usalama wa Kibayolojia anaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 20 au kufungwa hadi miaka 10. Lebo hiyo ni haki yako ya kuchagua. Si onyo la hatari.

Basi wewe unaogopa nini kwenye mahindi?

Ukungu. Naogopa ukungu kuliko jeni yoyote.

Mwaka 2004, Makueni, Kitui na majirani zao, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye aflatoksini, sumu ya ukungu. Yalikuwa mahindi ya kawaida kabisa, yaliyolimwa nyumbani, yakahifadhiwa yakiwa na unyevu. Hakuna tukio la GMO linaloweza kuwekwa kando ya idadi hiyo.

Nami nimeonja kidogo. Miaka michache iliyopita nilinunua mahindi ya bei nafuu kwa mchuuzi mmoja, nikasaga, nikachanganya na mashudu na omena. Yalinukia vumbi, si mahindi, lakini nilikuwa na haraka. Ndani ya wiki mbili vifaranga wangu mwenyewe walianza kuinamisha mbawa, na nilipopasua wawili maini yalikuwa ya manjano na laini kama maboga yaliyochemshwa. Nilizika zaidi ya sitini. Mteja mmoja alikuwa ameshanunua magunia mawili. Nilimrudishia pesa na kuku aliopoteza, na bado hupita dukani akinitazama kwa jicho la pembeni.

Hapa ndipo lile la kwenye hori linaporudi. Protini ya Cry haifiki kwenye maziwa. Aflatoksini hufika: ng'ombe akila chakula chenye ukungu, ini lake huigeuza kuwa aina iitwayo M1, na M1 hutoka kwenye maziwa anayokunywa mtoto. Kikomo cha Kenya kwa mahindi ya chakula ni sehemu 10 kwa bilioni kwa jumla ya aflatoksini. Kiasi hicho hakionekani wala hakinusiki.

Kwa hiyo Bt inasaidia kuondoa ukungu?

Kiasi. Funza akitoboa gunzi, ukungu huingia kwenye tundu. Uchambuzi wa majaribio ya mashambani ya 1996 hadi 2016 uliona fumonisini, sumu nyingine ya ukungu, ikipungua kwa takribani asilimia 30 katika mahindi ya GMO. Kwa aflatoksini picha haieleweki vizuri hivyo, kwa sababu yenyewe hupenda ukame shambani na unyevu ghalani. Mbegu haiwezi kukukaushia mahindi.

Wadudu hawatazoea?

Watazoea wakipewa nafasi. Afrika Kusini funza wa mashina aina ya Busseola fusca, huyu huyu wa Kitale na Molo, alionekana kustahimili MON810 chini ya miaka kumi baada ya kuanza kupandwa. Ndiyo maana hutakiwa kutenga sehemu ya shamba kwa mahindi ya kawaida, ili funza wasio sugu waendelee kuwepo. Kwa mwenye robo ekari Vihiga, sijui nani atakubali kumlimia funza. Hilo linahusu kilimo na halibadilishi usalama wa ugali, lakini liulizwe. Mwenye ng'ombe mmoja ana njia nyingine: kupanda desmodiamu kati ya mistari na majani ya nepia pembeni, mpango wa vuta-sukuma uliokuzwa na icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu, kule Mbita. Hufukuza funza, hupunguza kayongo, na nyasi unamlisha ng'ombe.

Naweza kupanda msimu huu?

Usipande kwa kusikia. Oktoba 2022 Baraza la Mawaziri liliondoa marufuku, kesi zikafuata. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilitupa kesi moja Oktoba 2023, Mahakama Kuu ikatupa nyingine Novemba 2024, kisha Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uagizaji na upandaji hadi rufaa isikizwe. Kabla ya kununua chochote kinachoitwa mbegu ya GMO uliza NBA au KEPHIS. Anayekuuzia sasa kwa siri nyuma ya duka la agroveti anakuuzia usichokijua.

Nina gunia moja nyumbani na sina maabara. Nifanye nini leo?

Chukua chupa ya glasi iliyokauka kabisa, ya soda itafaa. Tia punje hadi robo ya chupa na kijiko cha chumvi kavu, ziba, tikisa dakika mbili tatu, kisha iache itulie. Chumvi ikishika kwenye kuta za glasi, mahindi bado yana unyevu. Yarudishe juani juu ya turubai, si juu ya udongo. Chumvi ikianguka yote chini, funga gunia uliweke juu ya mbao, mbali na ukuta. Chambua punje zilizooza na zilizobadilika rangi, na usizitupie kuku. Mama mmoja wa Bahati alikuja dukani na chupa yake ikiwa imeganda chumvi pande zote, akanionyesha bila kusema neno. Tulimwanikia gunia lake pale nje ya duka siku nzima, tukilinda mbuzi.